Key, Survey na Open Domesday: huduma tatu za bure za kutafuta asili ya jina la kijiji cha Uingereza

Ukitaka kujua jina la kijiji fulani cha Uingereza lilitoka wapi, intaneti ina majibu tele, na mengi ni ya kubuni. Kurasa za utalii na vibao vya njia panda hupenda kisa kitamu kuliko ushahidi: mfalme alipita hapa akasema neno, mtakatifu alichimba kisima, jitu limezikwa kilimani. Huduma zinazoifanya kazi hii kwa uzito, tena bila kutoza hata senti, ni chache. Tatu ndizo tunazozipima hapa: Key to English Place-Names na Survey of English Place-Names, zote mbili za Chuo Kikuu cha Nottingham, pamoja na Open Domesday, ya kusoma Kitabu cha Domesday (daftari la ardhi na kodi la Uingereza la mwaka 1086), iliyojengwa na Anna Powell-Smith kwa data iliyokusanywa na Profesa J.J.N. Palmer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull.

Hukumu tuitoe mapema. Survey ndiyo bora, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Key ni nyepesi na inajibu haraka, lakini ukiitumia peke yake utaamini jambo usiloweza kulitetea. Open Domesday ni kazi safi sana, ila wengi wanaifungua kwa kutafuta kitu ambacho si kazi yake.

Kipimo ni kimoja: je, huduma inakuonyesha tahajia za zamani pamoja na tarehe zake? Maana ya jina isiyo na tahajia zenye tarehe ni kauli tu. Jina la leo ni shahidi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa limepita vinywani mwa wakulima, kalamuni mwa makarani wa Kinormandi (Wanormandi waliiteka Uingereza mwaka 1066), kwenye Kilatini cha kanisa na mikononi mwa wachora ramani, na kila mmoja amelipindapinda kwa namna yake.

Chukua Grantchester, kijiji kilicho pembeni tu mwa mji wa Cambridge. Aliyesoma kidogo atasema hapohapo kwamba mwisho wa jina ni ceaster, neno la Kiingereza cha Kale kwa mji au ngome ya Warumi, lenye asili ya Kilatini. Basi hapa palikuwa na ngome kando ya mto Granta. Ushahidi nao unaonekana upo: Bede, mtawa aliyemaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731, anataja mji mdogo uliobomoka uitwao Grantacaestir, ambako watawa wa Ely walikwenda kutafuta jeneza la jiwe la kumzikia Æthelthryth, mwanzilishi wa monasteri yao. Mambo yanaingiana vizuri mno. Tatizo ni kwamba Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinakiita kijiji hiki Grantesete. Mwisho ule ni sæte, yaani wakaaji: watu waliofanya makazi kando ya Granta. Mji wa Bede ni Cambridge yenyewe. Ile -chester ilikuja baadaye, watu walipouacha mwisho wasiouelewa wakashika ule waliouzoea. Tahajia moja ya 1086 imetosha kuiondoa ngome nzima.

Ukiandika Grantchester ndani ya Key, unapata jibu sahihi: wakaaji wa Granta. Chini yake kuna vijenzi vya jina, kila kimoja na lugha yake na maana fupi. Kifupisho pers.n. ni jina la mtu, na r.n. ni jina la mto. Usivisome kama maneno. Ramani inaonyesha kijiji kilipo, na hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu majina kama Sutton, Ashby na Stoke yamerudiwa kila kona ya nchi. Hakikisha kaunti kwanza, kisha ndipo usome maana. Kosa la kawaida kabisa ni kunakili asili ya Sutton ya kaunti moja na kuibandika kwa Sutton ya kaunti nyingine. Kwa Sutton hasara ni ndogo, maana nyingi ni “shamba la kusini”. Kwa Ashby, kuna zinazotokana na mti na kuna ambazo huenda zinatokana na mtu aitwaye Aski, na tofauti hiyo huioni kwenye jina la leo.

Udhaifu wa Key ni kwamba inakupa hukumu bila kesi. Jibu ni sahihi, lakini huoni Grantesete iliyolizaa, wala huoni pale ambapo wataalamu wanabishana na mhariri ameamua kushika upande mmoja. Pia inashughulikia makazi makubwa na ya kati. Shamba, kijito au kitongoji cha nyumba sita usitarajie kukipata. Kwa mwalimu anayeandaa somo, au mtafsiri anayetaka sentensi moja ya uhakika, inatosha. Kwa anayeandika historia ya kijiji, Key ni mlango wa kuingilia tu.

Survey ndiyo nyumba yenyewe. Imetokana na juzuu za Jumuiya ya Majina ya Mahali ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1923 na yenye makao hapohapo Nottingham (mji ambao katika Domesday unaitwa Snotingeham, na S yake ikaangushwa na ulimi wa Kinormandi). Juzuu hizo zilizidi themanini wakati zinageuzwa kuwa za kidijitali. Mpangilio wake unafuata vitabu: kaunti, kisha tarafa ya kale ambayo kwenye tovuti utaiona imeandikwa Hundred, au Wapentake katika baadhi ya kaunti za kaskazini na mashariki walikokaa Wadenmark, kisha parokia, kisha mahali penyewe, na mwisho majina ya mashamba na vijito. Mtu asiyejua kijiji chake kilikuwa tarafa gani atapotea. Njia rahisi ni kufungua Open Domesday kwanza, kusoma jina la tarafa hapo (kwa Grantchester ni Wetherley), halafu kurudi Survey na kushuka ngazi kwa ngazi.

Ukifika kwenye ukurasa wa mahali, unakutana na orodha ya tahajia za kihistoria, kila moja na tarehe na kifupisho cha hati ilikotoka. Hapa ndipo wengi hufunga ukurasa, na si haki kuwalaumu, kwa kuwa vifupisho vinatisha. Ukijua vichache tu, orodha inasomeka. DB ni Domesday. P ni hesabu za mwaka za hazina ya mfalme, ambazo ya zamani kabisa iliyosalia ni ya 1129 hadi 1130. FF ni hati za mapatano ya ardhi mbele ya mahakama: makubaliano yaliandikwa mara tatu kwenye ngozi moja, ikakatwa, na kipande cha chini kikabaki serikalini, utaratibu uliokaa sawa tangu 1195. Ass ni kumbukumbu za mahakama za kuzunguka, Pat ni barua za wazi za mfalme, na SR ni orodha za walipakodi. Utakuta pia tarehe zisizo na tarakimu: Hy2 ni utawala wa Henry wa Pili, 1154 hadi 1189, na Ed1 ni wa Edward wa Kwanza, 1272 hadi 1307. Herufi ndogo mbele ya namba, kama e.13 au l.12, zina maana ya mwanzoni mwa karne ya 13 na mwishoni mwa karne ya 12.

Alama ndogo nazo zina uzito. Mabano ndani ya neno, mfano Stok(e), yanasema hati zina sura zote mbili, yenye herufi ya mwisho na isiyo nayo. Kistari mwanzoni, mfano -feld, kinasema sehemu ya kwanza ni ileile ya tahajia iliyotangulia na kilichobadilika ni mwisho. Herufi (p) baada ya tahajia ni onyo: jina halikuandikwa kama mahali, limetolewa kwenye jina la ukoo la mtu aliyeitwa “wa mahali fulani”. Watu huhama na majina yao. Tahajia ya aina hiyo ni ushahidi wa kuunga mkono tu, na hairuhusiwi kubeba hoja peke yake.

Jambo linalowaponza hata wasomaji wazoefu ni tarehe mbili kwa pamoja. Ukiona mwaka wa karne ya 10 ukifuatiwa na 13 kwenye mabano, maana yake ni kwamba hati inajitambulisha kuwa ya karne ya 10, lakini nakala tuliyo nayo iliandikwa karne ya 13. Mtawa aliyenakili alikuwa na mazoea yake ya kuandika, na mara nyingi alilisasisha jina bila kukusudia. Kwa hiyo tahajia halisi ya 1086 inaweza kuwa shahidi wa zamani zaidi kuliko “hati ya 950” iliyonakiliwa miaka mia tatu baadaye. Kuna pia hati za kughushi, kwa kuwa monasteri zilizopokonywa ardhi zilijitengenezea vithibitisho. Kwa hati za kabla ya 1066 fungua Electronic Sawyer, katalogi nyingine ya bure, utafute kwa namba inayoanza na S; inataja nakala zilizopo, umri wake, na wataalamu gani wanaiamini hati na gani wanaikataa. Ni dakika tano zinazookoa aibu kubwa.

Ubora wa Survey hauko sawa kila mahali, na hili ndilo lalamiko letu kuu. Juzuu ya Buckinghamshire ilitoka mwaka 1925, kaunti nzima katika kitabu kimoja, na majina ya mashamba hayapewi nafasi. West Riding ya Yorkshire, kazi ya A.H. Smith ya miaka ya mwanzo ya 1960, imechukua juzuu nane. Ukitafuta kijiji cha Buckinghamshire utapata tahajia kadhaa na mstari wa maelezo. Ukitafuta cha West Riding utapata mto wa tahajia, vijito, vichochoro na mashamba yake. Msomaji asiyejua hili atadhani kijiji cha kwanza hakina historia. Kaunti nyingine, kama Kent na Somerset, hazikuwa na juzuu katika mfululizo huo uliogeuzwa kuwa wa kidijitali, kwa hiyo hazionekani kama nyingine.

Maelezo ya asili katika juzuu kuukuu nayo yamechuja. Wahariri wa miaka ya 1920 walipenda sana majina ya watu: kijenzi chochote kisichoeleweka kiligeuzwa kuwa bwana fulani ambaye hatajwi popote pengine. Halafu kuna suala la majina yenye -ingas, “watu wa fulani”. Great Snoring ya Norfolk ni mfano mzuri: Snaringes katika Domesday, watu wa mtu aliyepewa jina la Snear, na halihusiani na kukoroma hata kidogo. Kwa miongo mingi majina haya yalihesabiwa kuwa alama ya walowezi wa kwanza kabisa wa Kisaksoni. Mwaka 1966 John Dodgson, mtaalamu wa majina ya mahali, alionyesha kwamba kule kusini-mashariki majina hayo hayakai mahali pamoja na makaburi ya mwanzo ya kipagani, na nadharia ikalazimika kuandikwa upya. Kwa hiyo tahajia za juzuu ya 1930 zinafaa hadi leo. Fasiri yake ihakikishe kwenye Key, ambayo ni mpya zaidi. Hapo ndipo Key inapolipa deni lake.

Vilima ni eneo jingine la kuangalia upya. Juzuu za zamani hutafsiri karibu kila neno la mwinuko kuwa “kilima”, basi. Margaret Gelling, mtaalamu mwingine wa majina haya aliyefanya kazi baadaye pamoja na Ann Cole, alionyesha kwamba wasemaji wa Kiingereza cha Kale walitofautisha maumbo kwa makini. Dūn ni mwinuko mpana wenye nafasi ya kutosha juu yake kujenga kijiji. Beorg ni kilima cha mviringo. Hōh, neno lililomaanisha kisigino, ni ncha ya ardhi inayochomoza na kuishia kwa mteremko. Ōra na ofer ni ukingo wenye mgongo bapa na bega la mviringo. Haya unaweza kuyapima bila kupanda ndege: Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka bure ramani za zamani za Uingereza za inchi sita kwa maili, na unaweza kuzitazama sambamba na picha za setilaiti za leo. Kama jina linadai ōra na ramani inaonyesha bonde tupu, ama umekosea kijiji, ama tahajia imesomwa vibaya, ama jina lilihamia kutoka kwenye mwinuko wa jirani.

Sasa Open Domesday. Kwa sura na wepesi inazishinda zile mbili mbali sana. Unaandika jina la kijiji au msimbo wa posta wa leo, na inakuletea ukurasa wenye tarafa, kaunti, idadi ya kaya, majembe ya maksai, malisho, vinu, wenye ardhi wa 1066 na wa 1086, na picha ya ukurasa wenyewe wa kitabu. Picha zinaruhusiwa kutumika tena ukitaja chanzo na kutoa kazi yako kwa masharti yaleyale. Kwenye simu picha hizo ni nzito. Mwenye bando dogo asome maandishi kwanza na kufungua picha anayoihitaji tu.

Uzito wa ukurasa uko kwenye watu, ardhi na kodi. Tahajia ya 1086 uitafute kwenye picha, na kuisoma ni ufundi unaofundishika. Katika juzuu kubwa ya Domesday, mstari mwekundu ulipitishwa katikati ya majina ya mahali. Usidhani yamefutwa: wakati ule hiyo ilikuwa namna ya kulikoleza neno ili jicho lilipate haraka. Tafuta mistari hiyo, kisha tafuta neno linaloanza na herufi ya kijiji chako. Kistari kidogo juu ya herufi kina maana kwamba m au n imeachwa. Herufi i, n, m na u zote ni vijiti vilivyosimama pamoja, na vijiti vitano mfululizo vinaweza kusomeka namna kadhaa. Hesabu vijiti kabla ya kuamua. Majina mengi yamevalishwa mwisho wa Kilatini, -e au -a, na mwisho huo usiupe maana yoyote.

Halafu kuna sikio la karani. Sauti ya th ilimsumbua, akaandika t au d: Thorpe nyingi ni Torp. Sauti ya k mbele ya e na i aliiandika ch, kwa hiyo Kent ni Chent, na ukisoma kwa mazoea ya Kiingereza cha leo utakosea kabisa. W wakati mwingine ni u mbili zilizoandamana: Wetwang ya Yorkshire ni Wetuuangha. Na r, l, n zilibadilishana nafasi mdomoni mwake kwa urahisi ambao msomaji wa Kiswahili hatashangaa nao. Searobyrg ikawa Sarisberie, na leo ni Salisbury. Grantebrycge ya karne ya 9 ikawa Cantebrigie katika Domesday, na mwishowe Cambridge; jina la mto Cam lilikatwa kutoka kwenye jina la mji, si mji uliopewa jina la mto. Kitabu cha shuleni kinachosema Cambridge ni “daraja la mto Cam” kimeiweka mikokoteni mbele ya ng'ombe wake.

Piddletrenthide ya Dorset inaonyesha jinsi huduma hizi zinavyosaidiana. Domesday inaandika Pidrie, kwa r. Ukiishia hapo utahangaika kutafuta neno la Kiingereza cha Kale lenye r, na utalipata, na litakuwa si lenyewe. Hati nyingine zina Pidele, kwa l, jina la mto Piddle unaopita hapo. R ni ya karani peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 13 inatokea Pidele Trentehydes. Trente ni thelathini kwa Kifaransa, na “hide” ni kipimo cha kodi ya ardhi ambacho vitabuni huhesabiwa takriban ekari 120. Yaani: shamba la mto Piddle linalolipiwa kodi ya “hide” 30. Rudi Open Domesday, tazama kiasi cha kodi kilichoandikwa kwa kijiji hicho: 30. Jina na daftari la kodi vinasema jambo moja, na ni nadra sana asili ya jina la kijiji kuthibitika kwa tarakimu. Mto huohuo umezaa Tolpuddle, ambayo katika Domesday ni Pidele tu kama majirani zake. Tol- ilitokana na Tola, mjane wa Urc, aliyeikabidhi ardhi hiyo kwa abasia ya Abbotsbury.

Mfano huo unaonyesha pia kosa linaloharibu utafutaji mwingi: kutafuta jina zima. Neno la pili la majina kama Stoke Mandeville, Toller Porcorum au Wendens Ambo liliongezwa baadaye, ama kwa ukoo wa mwenye ardhi, ama kwa Kilatini cha makarani. Mwaka 1086 Stoke Mandeville ni Stoches tupu, na Stoches ni nyingi. Ukoo wa Mandeville haujaingia kwenye jina. Ambo ni “zote mbili”, alama ya parokia mbili za Wenden zilizounganishwa mwaka 1662. Porcorum ni “ya nguruwe”. Kwa hiyo ondoa neno la pili, tafuta la kwanza, halafu itambue sehemu kwa tarafa na mwenye ardhi, usiitambue kwa tahajia.

Tahadhari tatu juu ya takwimu za Open Domesday, maana zinanukuliwa vibaya kila siku. Kaya si watu: waliohesabiwa ni wakuu wa kaya, na wanahistoria huzidisha kwa nne na nusu au tano kupata makadirio. Takwimu ni za milki, si za kijiji, na milki moja iliweza kujumuisha vitongoji ambavyo havitajwi kabisa. Na kutokuwemo si kutokuwapo: Durham na Northumberland hazimo, London na Winchester hazina maelezo yake, na vijiji vingi vimefichwa ndani ya hesabu ya jirani. Kwa mantiki hiyohiyo, 1086 ni mwaka jina lilipoandikwa. Mtu akisema kijiji “kilianzishwa 1086”, amechanganya cheti na kuzaliwa.

Tahajia za karne ya 16 hadi ya 18 watafiti wengi huziruka, na kwa asili ya jina wako sahihi. Ila zina faida moja: karani wa parokia aliandika alivyosikia. Happisburgh ya Norfolk, Hapesburc katika Domesday, hutamkwa karibu na “Heizbra”, na matamshi ya namna hiyo huchomoza kwenye hati za zama hizo kabla mwandiko rasmi haujayafunika. Anayeandaa matangazo au filamu asiziruke.

Shitterton ya Dorset inafaa kwa wanaodhani wataalamu hupamba. Domesday ina Scetra, na fasiri inayokubalika ni shamba la kando ya kijito kilichotumika kupitishia uchafu wa chooni. Hapo zamani za Malkia Victoria walijaribu kulistaarabisha jina liwe Sitterton. Halikushika. Kibao kilikuwa kinaibwa mara kwa mara, mpaka mwaka 2010 wakazi wakachangishana na kusimika jiwe la Purbeck la tani moja na nusu lenye jina kamili.

Kuhusu skani za Survey: maandishi yamepitia mashine kabla ya kukufikia, na herufi za kale kama þ, ð na æ ndizo za kwanza kuvurugika. Ukiona p mahali ambapo sauti inadai th, au mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa, au tahajia iliyoshikana na tarehe isiyo ya zama zake, shuku skani kabla ya kumshuku karani, na ulinganishe na juzuu iliyochapishwa. Unapotafuta, usiandike herufi hizo. Tumia jina la leo, kisha nakili tahajia kutoka kwenye ukurasa badala ya kuipiga upya kwa kibodi ya simu, ambayo itakusahihishia bila kukuuliza.

Kwa kazi ya kijiji kimoja, mpangilio unaofaa ni huu: Open Domesday kwa tarafa na picha, Survey kwa orodha ya tahajia, Sawyer ikiwa kuna hati ya kabla ya 1066, ramani za zamani kwa umbo la ardhi, na Key mwisho, kulinganisha fasiri uliyofikia na ya wataalamu. Wengi huanza na Key, wakishapata jibu hawaoni tena kinachopingana nalo. Chini ya tahajia tano kutoka karne tatu tofauti, andika maana kwa “huenda”. Kwa vijiji vya Kent au Somerset, ambako Survey ya mtandaoni haitakufaa, tegemea Key na picha ya Domesday, na ukihitaji tahajia za karne ya 12 na ya 13 tafuta kamusi iliyochapishwa ya majina ya mahali kwenye maktaba ya chuo. Chagua toleo lenye mwaka kando ya kila tahajia, na uliache linalotoa maana peke yake.